Kabla ya Kuhamia Linux, Badilisha Programu Kwanza

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, naulizwa sana kama ni wakati wa kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Nawajibu wahame, hasa wale ambao kompyuta zao ni nzima kabisa ila Windows 11 inazikataa kwa kukosa TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta. Kutupa mashine inayofanya kazi kwa sababu hiyo kunaniuma. Lakini usianze na mfumo, anza na programu.

Ukiwa bado kwenye Windows, sakinisha LibreOffice (badala ya Word na Excel), Firefox ya kuperuzi mtandao, VLC ya video na muziki na, kama unahariri picha, GIMP. Zote zipo pia kwenye Linux. Fanyia kazi zako humo kwa wiki kadhaa. Nilipopita njia hii, siku ya kuhama nilikuta vitufe vilevile nilivyokwisha kuvizoea. Anayebadilisha vyote kwa mkupuo, akikwama hajui kama tatizo ni mfumo au ni programu ngeni kwake.

Hapo pia utajua kama kazi yako inahamika. Kama riziki yako ni Photoshop au makro nzito za Excel (amri zinazojiendesha zenyewe), baki ulipo, au weka mifumo yote miwili.

Hati za Word ndizo zilizonisumbua kuliko kitu kingine. Faili linafunguka vizuri kwenye LibreOffice, kumbe kurasa zimesogea na jedwali limekatika katikati. Mara nyingi chanzo ni fonti: Calibri na Cambria hazimo kwenye Linux. Hakikisha una fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule, na mistari itarudi mahali pake. Hati ya kusomwa tu, itume kama PDF.

Kisha weka Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwenye flashi na uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo, bila kusakinisha chochote. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Funika laptop, ifunue, uone kama inaamka. Kinachogoma kitafutie dawa sasa, ungali na Windows yako.

Mafaili yanakili kwenye diski ya nje, ufungue mawili matatu kuhakikisha yamefika salama. Kama diski ya kompyuta imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, andika kwenye karatasi ule ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla hujagusa BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta), maana Windows inaweza kuudai ndipo iwake.

Ukishasakinisha, fungua Timeshift, programu ya Mint ya kurudisha mfumo ulivyokuwa, siku hiyohiyo na uhifadhi nakala ya mfumo ungali mzima.