Kabla ya kubishana kuhusu chanjo kwenye grupu la avenue

Ukiona mtu ameandika kwenye grupu kwamba chanjo inaua, usianze kwa kumwita mwongo. Tafuta kwanza ndani ya maneno yake kile kipande cha ukweli, maana hapa Goma hakikosekani. Kitaje wewe kabla hajakitaja yeye, naye atakusikiliza dakika mbili tatu. Ukikiruka, hata uje na maprofesa wote wa Kinshasa, umeshindwa, na grupu zima limeona umeshindwa.

Ninauza dawa kwenye farmasi ndogo upande wa Katindo, na tangu kipindi cha Corona mimi ni mmoja wa maadmin wa grupu la WhatsApp la avenue yetu, yaani mtaa wetu. Kazi hizi mbili zinanionyesha watu wale wale katika hali mbili tofauti. Usiku mtu anarusha odio ndefu: chanjo ina chipu, wazungu wanataka tupungue. Asubuhi anakuja farmasi, anangoja wateja wengine watoke, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Mama yangu ana sukari, wakimchoma ile sindano haitamletea shida?" Ukimjibu usiku ule kuhusu chipu, mtatukanana mpaka mega za intaneti ziishe. Swali linalomnyima usingizi ni la mama yake, na hilo lina jibu: mgonjwa wa sukari ndiye Corona ilikuwa inamwangusha haraka zaidi, kwa hiyo yeye ni wa mstari wa mbele kuchanjwa, sukari yake ikiwa inafuatiliwa na munganga (daktari) wake.

Chukua ile hadithi ya "wanatufanyia majaribio". Kijana akiiandika, wasomi wa grupu wanamcheka na kumtumia vile vichwa vya manjano vinavyotoa machozi. Lakini tarehe 1 Aprili 2020, kwenye televisheni ya LCI ya Ufaransa, daktari mmoja aliuliza kweli kama utafiti wa BCG, chanjo ya kifua kikuu, dhidi ya Corona haungefaa kufanywa Afrika, ambako hakuna barakoa wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Didier Drogba na Samuel Eto'o walipinga hadharani, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros, akayakemea maneno hayo. Video ilikuwa bado moto, tarehe 3 Aprili, Profesa Muyembe, wetu mwenyewe, mmoja wa waliogundua Ebola mwaka 1976, akasema Kinshasa kwamba Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Nchi ikawaka. Ikabidi arudi kufafanua kwamba hakuna chanjo itakayoanzia Kongo kabla ya kujaribiwa kwingine. Sasa wewe unamwambia kijana "huo ni uzushi", na yeye video zote mbili anazo kwenye simu.

Mimi ninamwandikia hivi: ndiyo, walisema, niliona, na mimi pia ilinikera. Halafu ninaongeza kile ambacho video haisemi. Chanjo ya Corona ya AstraZeneca iliyotufikia Machi 2021 ilikuwa imeanza kuchomwa Uingereza tangu tarehe 4 Januari mwaka ule, kwa watu wao wenyewe, wakianza na wazee. Majaribio yake yalikuwa yamefanyika Uingereza, Brazil na Afrika Kusini. Usiifiche Afrika Kusini ili hoja yako iwe tamu zaidi. Kuna mtu atakayeitafuta, ataipata, na siku hiyo hata ulichosema kweli hakitasikilizwa.

Na hiyo AstraZeneca yenyewe ilituletea taabu nyingine. Dozi milioni 1.7 zilishuka Kinshasa tarehe 2 Machi 2021. Kabla hazijaanza kutumika, nchi kadhaa za Ulaya zikasimamisha chanjo hiyo kwa sababu ya damu kuganda kwa watu wachache, na serikali yetu nayo ikaahirisha. Ilianza tarehe 19 Aprili. Muda wa dozi ulikuwa unaisha, kwa hiyo karibu milioni 1.3 zilirudishwa zipelekwe nchi nyingine. Rais wa nchi alisema waziwazi kwamba alikuwa na mashaka nayo, na hakuchanjwa mpaka Septemba, tena kwa chanjo nyingine. Sasa mtu wa Ndosho anayetafuta chakula cha jioni aamini kuliko rais? Ninashangaa wanaoshangaa.

Hapo pia ninaanza kwa kukubali: damu kuganda kulikuwa kweli, na ni wazungu wenyewe waliokutangaza. Kisha ninauliza swali moja tu. Kama mpango ni kutuua kwa siri, kwa nini wenye mpango wamesimamisha chanjo kwao na kuitangaza kasoro yake kwenye televisheni? Wengine hunyamaza. Wengine hubadilisha mada, na mtu akibadilisha mada usimfuate, mwache aende.

Lakini kwa Goma yote haya yalikuwa juu juu. Chini yake kulikuwa na Ebola. Mtu asiyeishi Kivu ya Kaskazini kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 hawezi kuelewa mabishano yetu ya Corona. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wakati huohuo Beni na Butembo walizuiwa kupiga kura Desemba 2018, Ebola ikitajwa kama sababu, ingawa makanisa na masoko yalibaki wazi. Magari ya Riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, yalipita yakiwa mengi kuliko tuliyowahi kuona katika ugonjwa wowote, nyumba zikakodiwa kwa dola, watu wakaanza kusema ni biashara ya Ebola. Na Machi 2020, mwezi uleule Corona ilipoingia nchini, aliyekuwa waziri wa afya alihukumiwa kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola. Ukisikia mama wa Birere anasema "wanakula kwa magonjwa yetu", kwa sehemu kubwa anarudia habari za redio.

Kulikuwa pia na ile karatasi. Chanjo ya Ebola ya kampuni ya Merck ilikuwa bado haijapata kibali, ilikipata Ulaya Novemba 2019 na Marekani Desemba, kwa hiyo kila aliyechomwa kabla ya hapo alisomewa maelezo na kutia sahihi. Karatasi ile iliogopesha watu kuliko sindano. "Kwa nini nisaini? Nikifa wasishitakiwe?" Ninawaambia wazi: ndiyo, chanjo ilikuwa mpya, na ndiyo maana ulipewa karatasi. Anayekufanyia jaribio la siri hakupi karatasi uisome, na wala hakuachi useme hapana uende nyumbani. Waliosema hapana waliachwa waende, kila mtu hapa anamjua mmoja.

Baada ya kuyakubali hayo yote, ndipo ninatoa la kwangu, na hilo ni la hapa hapa. Tarehe 14 Julai 2019 mchungaji mmoja aliyekuwa mgonjwa aliingia Goma kwa basi kutoka Butembo. Kumbukeni hofu ya wiki ile. Tarehe 17 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Abiria wa basi na dereva walitafutwa, wakachanjwa wao na waliokaa nao karibu. Ndivyo chanjo ile ilivyotumika, kumzunguka mgonjwa kama ua linavyozunguka boma. Mwisho wa Julai akatokea mchimba dhahabu aliyetoka Ituri. Yeye alikufa, lakini mkewe na mtoto wao mdogo waliougua naye walipona kwa dawa zilizokuwa zimefika. Katika mji huu wa zaidi ya watu milioni, na mpaka wa Gisenyi, Rwanda, uko mlangoni, waliothibitishwa kuwa na Ebola walikuwa wanne. Sisemi ni chanjo peke yake. Tulinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, tulipimwa joto kila kizuizi. Ninachouliza grupu ni hiki tu: nani kwenye avenue yetu amezika mtu wa Ebola? Na kati ya waliochanjwa hapa kwetu, nani amekosa mtoto, nani amegeuka jiwe? Tunawajua kwa majina. Tunakutana nao sokoni Virunga.

Hoja hii haitoki kwenye intaneti, na hiyo ndiyo nguvu yake. Chanjo nyingine ukizungumzia unazungumzia karatasi. Hii unazungumzia majirani.

Kuhusu namna ya kujibu, nitasema haraka. Usitume PDF ya Kifaransa; hakuna atakayeifungua, na anayehesabu mega zake hawezi kufungua kiungo cha video pia. Tuma odio ya dakika moja, kwa Kiswahili, ukijitaja jina na mahali unapofanya kazi, ili kesho mtu aweze kukuuliza tena. Odio za uzushi karibu zote hazina jina: ni "daktari mmoja Ubelgiji", "dada anayefanya kazi hospitali kubwa". Muulize aliyeituma swali la upole: imetoka kwa nani, na ni ya lini? Ukiona juu yake mishale miwili, ujue imepita mikono mingi. Ujumbe wa aina hiyo WhatsApp yenyewe tangu Aprili 2020 inauruhusu utumwe kwenye grupu moja moja tu. Onyesha mishale hiyo kwa wenzako. Wengi hawajawahi kuiangalia.

Usimfukuze mtu grupu. Nimeona maadmin wa magrupu mengine wakifanya hivyo kwa furaha kabisa, na waliofukuzwa wakaunda grupu lao ambamo hakuna wa kuwajibu.

Wazee wana utaratibu wao. Baba mdogo akituma uzushi, hata kama umejaa makosa, usimsahihishe mbele ya watoto wake na wakwe zake. Mpigie. "Baba mdogo, shikamoo, nimesikiliza ile odio yako, imenipa wasiwasi, uliipata wapi?" Mwache aeleze. Mara nyingi yeye mwenyewe haiamini sana; aliituma kwa sababu aliipokea kwa mtu anayemheshimu, na kunyamaza nayo kungekuwa kama kuwaficha watoto habari. Baada ya hapo mpe kazi: mwambie akipata nyingine akutumie wewe kwanza, kwa sababu wewe uko karibu na wauguzi. Mzee aliyepewa kazi hiyo ataifanya kwa bidii kupita kiasi. Simu yangu inajaa.

Na kuna hasira ambazo hazihusu chanjo kabisa. Mwaka ule wa Corona mama mmoja alikuwa anaandika kila siku dhidi ya sindano, kwa ukali. Nilipokaa naye nikajua alikuwa anavusha mboga Gisenyi kupitia petite barrière, kile kizuizi kidogo cha mpakani; mpaka huo ukafungwa Machi 2020 na mtaji wake ukaisha. Alikuwa hajawahi kumwona mgonjwa wa Corona hata mmoja, ila njaa aliiona. Mtu huyo ukimpa takwimu za chanjo unamwongezea uchungu. Tulizungumza kuhusu likelemba, ule mchango wa kupokezana pesa, na mtaji, basi. Kuhusu sindano hakuniuliza na sikumlazimisha.

Ugonjwa wa mpox ulipokuja mabishano yakaanza upya, lakini safari hii kulikuwa na kitu cha kushika. Chanjo ilizinduliwa hapa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, miezi miwili hivi baada ya dharura ya kimataifa kutangazwa. Mpox ni ya ukoo mmoja na ndui, na chanjo yake ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya ndui. Kwa hiyo nikawaomba watu wa grupu wawaulize bibi na babu zao kuhusu chanjo ya ndui waliyopigwa utotoni, ile iliyoacha kovu mkononi. Waliozaliwa baada ya ndui kutangazwa kuwa imekwisha duniani, mwaka 1980, hawakuipata, na hiyo ni sababu mojawapo ya mpox kuwaangukia zaidi vijana na watoto. Picha za mikono ya wazee zikaanza kuingia. Wengine walikuwa wamepiga picha kovu la BCG, lakini haidhuru, angalau mazungumzo yalianzia kwenye mkono wa bibi na si kwenye chipu.

(Haya yote ni ushauri wa siku za utulivu. Vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, hakuna aliyeuliza tena kuhusu dozi ya pili. Grupu likawa la maji, unga, na nani yuko hai.)

Swali lililokuwa gumu kuliko yote aliliuliza mama mwenye watoto wadogo: kama mpox inawaua zaidi watoto, kwa nini wanachanjwa watu wazima? Wanataka watoto wetu wafe? Nilimwambia nusu ya kwanza ni swali la haki kabisa, aliandike hivyohivyo bila ile nusu ya pili, nami nitalipeleka kituo cha afya. Muuguzi alijibu kwa odio, bila kupamba: chanjo iliyoletwa ilikuwa imekubaliwa kwa watu wazima tu, inachomwa mara mbili, ya pili wiki nne baada ya ya kwanza, na ya watoto ilikuwa bado inasubiriwa kutoka Japani. Akaeleza cha kufanya kwa wakati huo: mtoto mwenye vipele na homa alale peke yake, shuka na taulo zake zisitumiwe na wengine, anayemhudumia anawe kwa sabuni kila mara, na aletwe kituoni mapema, bila kupitia kwanza farmasi kununua pomada. Farmasi aliyoisema ni yangu, na alikuwa na haki.