Mchongoma wa matunda: maswali yenu kuhusu karisa

Inbox imejaa karisa, ule mchongoma wa majani mazito yanayong'aa, kijani mwaka mzima, maua meupe kama nyota, wauza miche wengine wanauita natal plamu. Haya twende.

Uzio wangu una miaka minne, umefunga vizuri ila matunda hamna. Tatizo nini? (Kigamboni)

Nani anakukatia, kaka? Matunda ya karisa yanakaa kwenye ncha za matawi, sasa kijana wa bustani akipita na mkasi kila mwezi kuunyoosha kama ukuta anaondoka na maua yako yote. Mi ningenyoa upande wa barabarani tu, wa ndani uachie ujitawanye. Halafu kuna uchavushaji, kwao kusini mwa Afrika kazi hiyo wanafanya nondo wa usiku na mbawakawa wadogo, kama kwako hawaji chukua brashi laini pitisha ua hadi ua, na usitegemee mche mmoja peke yake.

Nakaa karibu na bahari, chumvi haitaua? (Nyali)

Wala! Asili yake ni pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mpaka Msumbiji. Inachokataa ni maji kutuama.

Hii ndo mukawa ya kwetu? (Kiambu)

Ni ndugu yake. Mukawa, ambayo Wajaluo wanaita ochuoga, ina tunda dogo na likiiva linakuwa jeusi.

Mtoto kachuma tunda, lina maziwa meupe, si sumu? (Morogoro)

Mama, likiwa limeiva kabisa, jekundu limekolea na kulainika kidogo, linaliwa lote na ganda na mbegu zake, maziwa hayo hayana neno. Bichi, majani na matawi asiguse mdomoni, maana huu mti ni jamii moja na oleanda, ule mti wa maua ya mapambo, na oleanda inaua, so mti usioujua usionje. Miiba nayo ina ncha mbili, usipande dirishani kwa watoto, si mnajua kupanda mchongoma kushuka ndo ngoma.

Nikipika jam sufuria inaganda utando mweupe (Arusha)

Ni utomvu, sugua na mafuta ya kupikia utatoka. Ila hizi sufuria zetu za aluminiamu hapana, tumia ya stenlesi.

Mbegu au tawi? (Tanga)

Mbegu inaota wiki 2 hadi 4 ila mche unakua taratibu mwanzoni. Mi napenda tawi: chagua changa, likate nusu tu, lipinde lining'inie hapohapo mtini kama miezi miwili, ndo ulitoe kabisa ulichomeke kwenye mchanga kivulini, mwezi mmoja mizizi hiyo.