Baba ana saratani ya mapafu hatua ya 4: atakubaliwa kwenye utafiti wa dawa?

Pole sana dada. Umesema mzee ana miaka 67, yuko Jinja, na unaogopa umri utamzuia. Umri si tatizo kubwa; tafiti nyingi huweka tu kiwango cha chini, miaka 18. Wanachoangalia sana watafiti ni nguvu zake. Je, anaoga mwenyewe? Anatembea hadi dukani? Anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku mara nyingi hukataliwa. Halafu huangalia vipimo vya damu, figo na ini.

Tafuta karatasi yenyewe ya majibu ya biopsi (kipimo cha kipande cha uvimbe), usitegemee maneno uliyoambiwa koridoni. Dawa nyingine hujaribiwa kwa wenye mabadiliko ya jeni za EGFR au ALK tu. Saratani ikiwa imefika kwenye ubongo, mara nyingi hutaka iwe imetulia kwanza. Kama alianza kutibiwa TB (hapa kwetu hutokea saratani ikadhaniwa TB, kikohozi ni kikohozi), waambie, pamoja na kila dawa aliyokwisha kutumia.

Anzia Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Kabla hajasaini, uliza kibali cha NDA (Mamlaka ya Taifa ya Dawa) na cha kamati ya maadili ya utafiti, na nani atalipa nauli. Akichoka, ana haki ya kujitoa bila kunyimwa matibabu ya kawaida.