Maswali na majibu: Akili, pombe na unga wakati wa korosho

Kila minada ya korosho inapoanza, maswali ya safu hii huelekea upande mmoja: pombe, kubeti, unga (heroini), na ndugu waliorukwa na akili ambao sasa familia imepata pesa ya kuwatafutia tiba. Wengi mnauliza kama ni lazima mgonjwa apelekwe mbali, Dar es Salaam au hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma. Kwa wagonjwa walio wengi, hapana. Utafiti wa miaka ya karibuni unazidi kuonyesha kwamba tiba hufanya kazi vizuri ikimfuata mgonjwa alipo.

*Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 24. Tangu mwezi wa tano anasikia sauti, anavua nguo, na ameshampiga mama. Yuko kwa mganga karibu na Kitangari, amefungwa mnyororo mguuni. Wazee wanasema akipelekwa hospitali kabla mganga hajamaliza kazi, jini litarudi na nguvu zaidi. Tufanyeje?* Kaka mtu, Newala

Marahaba. Poleni sana, wewe na mama.

Sikuambii uwavunjie wazee heshima. Nakuomba upeleke dawa alipo mdogo wako. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Nigeria na Ghana chini ya Profesa Oye Gureje wa Ibadan. Walikuwamo wagonjwa 307 wenye matatizo kama ya mdogo wako, wote wakiwa tayari kwa waganga na wahubiri. Upande mmoja, mhudumu wa afya alikuwa akimfuata mgonjwa huko huko kwa mganga, anampa dawa, anapatana na mganga aache mambo yanayomdhuru mgonjwa. Mganga hakunyang'anywa kazi yake. Upande wa pili mambo yalienda kama kawaida. Baada ya miezi 6, waliofuatwa walikuwa na wastani wa alama 53 za ugonjwa, wenzao 68; alama zikiwa nyingi, ugonjwa ni mkali zaidi. Dawa zenyewe ni za zamani na za bei nafuu, za jamii ya haloperidoli.

Upo utafiti mwingine wa Ghana, wa 2018, kwenye kambi ya maombi yenye wagonjwa 139. Waliopewa dawa walipata nafuu. Lakini siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua. Jambo hili linaniuma, kwa sababu linaonyesha kwamba mnyororo hauanguki wenyewe mgonjwa anapotulia. Lazima mtu wa familia asimame aseme: leo tunamfungua. Mtu huyo awe wewe. Mnyororo unachubua mguu, kidonda kinaoza, na moto ukizuka usiku hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, muulizie mratibu wa afya ya akili, mweleze yote, kisha nenda naye ukaongee na mganga kwa adabu. Na mdogo wako apimwe mwili pia. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa, VVU na bangi, kila kimoja kinaweza kumbadilisha mtu hivyo hivyo, na baadhi ya hayo hayasubiri.

*Daktari, mume wangu anakunywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, msimu wake ukifika, na miezi mingine nipa (gongo). Juzi aliapa mbele ya mashehe kwamba ameacha. Kesho yake akaanza kutetemeka, usiku anaona wadudu ukutani. Je, ni kurogwa? Na nimesikia kuna sindano mpya ya kuacha pombe.* Mama Tandahimba

Hajarogwa, mama. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla hupagawa. Kutetemeka na kutoka jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na kuona visivyokuwapo huja siku ya pili hadi ya nne. Hapo mtu anaweza kufa. Nasema wazi kwa sababu tunawasifu wanaoacha kwa siku moja, na wengine tunawazika. Mpeleke hospitali sasa hivi, usimalize kusoma kwanza. Atapewa dawa ya kutuliza, itakayopunguzwa taratibu kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Akishatulia ndipo tunazungumza kuhusu kubaki bila pombe. Zipo dawa mbili, naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Zimejaribiwa kwa miaka mingi, zinapunguza hamu. Ulizia hospitalini kama zinapatikana.

Sindano uliyoisikia nadhani ni semaglutaidi, dawa ya kisukari na unene. Februari 2025 ulitoka utafiti wa Marekani wa watu 48 waliochomwa kwa wiki 9, wengine dawa hiyo, wengine sindano isiyo na dawa. Kwa waliopata dawa hamu ilipungua, na siku walizokunywa walikunywa kidogo zaidi. Ni habari ya kutia moyo, lakini watu 48 ni wachache mno. Usiuze korosho kwa ajili ya sindano hiyo.

*Kijana wangu amebeti pesa yote ya malipo ya pili ya korosho. Anasema ataacha. Kuna dawa?* Baba, Masasi

Mzee wangu, huu ni ugonjwa unaotambuliwa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022 imeuweka kwenye kundi la uraibu, pamoja na pombe. Tiba yenye ushahidi mkubwa ni mazungumzo ya mpangilio na mshauri, ya kumsaidia atambue mawazo yanayomvuta, kama lile la "nimekaribia kushinda". Wakati huo mwombe akubali malipo ya msimu yaingie akaunti ya mtu anayemwamini. Ombeni, msimlazimishe. Akilazimishwa atakopa.

*Dada yangu amejifungua wiki 7 zilizopita. Halali hata mtoto akilala, analia, anasema mtoto angepata mama mwingine. Mama mkwe anasema ni uvivu.* Nachingwea

Dada yako anaumwa sonona ya uzazi, huzuni kali inayompata mama baada ya kujifungua, na maneno yake ya mwisho ndiyo yananitia hofu. Muulize leo, mkiwa wawili tu, bila kuzungukazunguka: unafikiria kufa, au kumdhuru mtoto? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeona. Akikubali, asiachwe peke yake, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Na viuatilifu vya mikorosho vitoke ndani ya nyumba, vifungiwe kwa jirani au ghalani, funguo akae nazo mtu mwingine. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine, na vifo vya kujiua vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 70 tangu 1995. Wazo la kufa mara nyingi hupita. Sumu ikiwa mbali, linapita mtu akiwa hai.

Marekani mwaka 2023 waliidhinisha kidonge cha siku 14 kwa ugonjwa huu, kinaitwa zuranoloni, na ni ghali. Mimi navutiwa zaidi na kilichofanyika vijijini Pakistan. Wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake wasio na shahada, walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi, kukaa nao na kuwafundisha kuyajibu mawazo mabaya. Utafiti ulihusu akina mama 903 na ulitoka 2008. Baada ya miezi 6, waliotembelewa walikuwa bado na sonona asilimia 23, wenzao 53. Zimbabwe kazi kama hiyo inafanywa na mabibi wanaokaa kwenye benchi nje ya zahanati, chini ya mradi wa Dkt. Dixon Chibanda, nayo ilipimwa 2016 ikaonekana inaponya.

Mama mkwe wako si adui. Mweleze hivi, na umwombe amshike mtoto usiku mmoja dada apate usingizi. Mkono wake ni sehemu ya tiba.

*Mama yangu anachomwa sindano kila mwezi kwa skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili), na ametulia miaka mingi. Nimesoma kuna dawa mpya, nimsimamishie ya zamani?* Lindi mjini

Hapana. Dawa mpya ipo kweli. Iliidhinishwa Marekani Septemba 2024, na inafanya kazi kwa njia tofauti na zote za tangu miaka ya 1950. Lakini mtu aliyetulia miaka mingi ameshapata dawa yake. Akiiacha, anaweza kurudi alikotoka ndani ya miezi michache. Kama mikono inatetemeka au ananenepa, mwambieni daktari, dozi hurekebishwa.

*Mwanangu ametoka soba, nyumba ya kuwasaidia wanaoacha unga, baada ya miezi 5 bila unga. Nilitaka aanze methadoni, mjomba wake anasema ni kubadilisha unga kwa unga.* Mama, Mtwara mjini

Mjomba anasema wanavyosema wengi, lakini hapana. Heroini hukaa mwilini saa chache, ndiyo maana kijana anaishi akikimbia arosto (mateso ya kukosa unga), anaiba, anachangia sindano. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, inashika siku nzima, na mtu anaweza kwenda kazini. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na waraibu wengi wamerudi kwenye familia zao kupitia njia hiyo. Kama yeye, ambaye hatumii sasa, anaihitaji, hilo daktari ataamua akimwona. Anzeni hospitali ya Ligula, au pigeni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Jambo moja lisikupite, mama. Miezi 5 bila unga imeuondolea mwili uzoefu. Akiteleza akatumia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua siku hiyo. Mwambie hivyo waziwazi, na umwambie pia kwamba akiteleza arudi nyumbani, hafukuzwi. Ukimkuta hazinduki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, usimnyweshe maziwa wala usimmwagie maji. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali, na mkifika tu wambieni ni unga, kwa sababu ipo dawa ya kuurudisha nyuma, naloksoni, na hufanya kazi ndani ya dakika chache.