Kitambaa cha vyombo kisichonywa maji: badilisha uzi

Dada, umeuliza kwa nini kitambaa ulichofuma kinateleza na hakinywi maji. Ni uzi wa akriliki huo. Nunua wa pamba, tumia sindano za milimita 5.

Anza na vitanzi 4. Kila mstari fuma viwili, zungusha uzi sindanoni mara moja, fuma hadi mwisho, mpaka vifike 44 hivi. Kisha anza kupunguza, kila mstari: fuma kimoja, unganisha viwili (vifume pamoja viwe kimoja), zungusha uzi, unganisha viwili, malizia mstari. Vikibaki 4, funga.

Mabaki ya uzi wa rangi mbalimbali ndiyo yanapendeza zaidi, ila nyekundu iloweke kwanza, huweza kuchuja.

Dodoki la kusugulia vyombo fuma kwa wavu wa magunia ya vitunguu, uliokatwa kamba nyembamba. Sufuria zisizogandisha chakula usizisugue nalo, litazikwaruza.