Voliumu zako zinafungwa lini? Ushauri kwa wanaoanza na Bacula

Ukikabidhiwa seva ya nakala rudufu inayoendeshwa na Bacula, swali la kwanza kukujia ni kama diski itatosha. Swali zuri, lakini liweke kando kidogo. Kwanza jiulize voliumu zako zinafungwa lini, yaani zinaacha lini kupokea data mpya, kwa sababu diski nyingi zinazojaa usiku hujaa kwa kukosa jibu la hilo, hata pale nafasi ilipokuwa tele.

Tuelewane maneno. Voliumu ni kanda moja ya sumaku, au faili moja kubwa kwenye diski, ambamo data ya kompyuta za mtandao huandikwa. Puli ni kundi la voliumu zinazofuata sheria moja. Director ndiye anayepanga kazi na kuchagua puli, Storage Daemon ndiye anayeandika, na katalogi ni hifadhidata inayokumbuka faili gani iko kwenye voliumu gani. Bareos, iliyochipuka kutoka Bacula, ina mantiki hiyo hiyo, kwa hiyo mengi ya hapa yatakufaa huko pia.

Anayeanza hufungua mipangilio ya puli, akaona Volume Retention (muda wa kutunza voliumu), akaandika siku 30, akaenda kulala. Anaamini siku ya 31 data ya zamani itaondoka yenyewe. Haitaondoka. Kwanza, muda huo huhesabiwa kuanzia mara ya mwisho voliumu ilipoandikwa. Kama kazi za kila usiku zinaandika kwenye voliumu ile ile, hesabu inaanza upya kila usiku na siku ya 31 haifiki kamwe. Pili, Bacula haina haraka ya kufuta. Muda ukiisha, voliumu inakuwa imeruhusiwa tu kutumika upya, na itaguswa pale kazi itakapohitaji mahali pa kuandika na kukosa. Maadamu kuna voliumu yenye hali ya Append (bado inapokea data), hakuna sababu ya kuitafuta nyingine.

Kwa kanda jambo hili halisumbui, kwa sababu kanda ina mwisho. Ikifika mwisho inaandikwa Full, mambo yanasonga. Faili kwenye diski haina mwisho wake yenyewe. Usipoiwekea kikomo itakua hadi diski iseme basi, na hapo utakuwa na voliumu moja kubwa mno yenye data ya jana na ya mwaka jana pamoja, usiyoweza kuifuta bila kupoteza zote mbili.

Vikomo vikuu viko vitatu. Maximum Volume Bytes hufunga kwa ukubwa, Maximum Volume Jobs kwa idadi ya kazi, na Volume Use Duration kwa muda tangu voliumu ilipoanza kutumika. Binafsi kwenye diski napenda ukubwa pamoja na muda. Ukubwa unanipa hesabu ya nafasi. Muda unahakikisha data ya wiki hii haichanganyiki na ya mwezi ujao ndani ya faili moja. Kazi moja kwa voliumu moja ni rahisi kufuatilia, lakini ukiwa na kompyuta nyingi utazaa mamia ya faili ndogondogo na orodha isiyosomeka.

Vikomo hivyo vikae na Maximum Volumes. Ukiweka Label Format ili voliumu zijitengeneze zenyewe, halafu ukasahau kuweka idadi ya juu, programu itaendelea kuunda mpya kila inapokosa ya kuandikia. Hesabu ni ya kuzidisha tu: diski ya TB 10, voliumu za GB 50, idadi ya juu 160, hiyo ni TB 8. TB 2 zinazobaki si ubadhirifu. Mfumo wa faili uliojaa kabisa ni adui, na kama katalogi iko kwenye diski hiyo hiyo (isiwepo, tafadhali) utasimamisha vyote viwili kwa mpigo.

Sasa jambo linalowachanganya hata wazoefu. Umehariri faili ya mipangilio, umebadilisha siku 30 kuwa 60, umeandika reload kwenye bconsole (dirisha la amri la Bacula), na voliumu zinaonyesha bado siku 30. Programu haijakosea. Voliumu hupokea sheria za puli siku inapopewa lebo, na sheria hizo huandikwa kwenye katalogi. Mabadiliko yako yatazihusu zitakazozaliwa baadaye. Za zamani zinahitaji amri ya update, uchague kusasisha voliumu zote kutoka kwenye puli, kisha uhakikishe kwa list volumes. Ifanye kila unapogusa puli, la sivyo utakuja kuhangaika na voliumu ambazo nusu zinafuata sheria mpya na nusu sheria ya kale.

Kuhusu muda wa kutunza, kumbuka iko mitatu. Kwa chaguo-msingi, File Retention ni siku 60, Job Retention siku 180, na Volume Retention siku 365. Mwaka mzima huo unadanganya macho. Rekodi za faili zikishapogolewa (kuondolewa kwenye katalogi) baada ya siku 60, kazi unaweza kuirejesha yote kwa jumla, lakini huwezi tena kuchagua faili moja kwenye orodha. Na rekodi za kazi zikiondoka, katalogi haijui tena voliumu ina nini. Kwa hiyo ule mfupi ndio unaotawala. Ukiahidi watu kwamba unaweza kurudisha faili yao ya miezi minne iliyopita, angalia kwanza File Retention.

Halafu kuna mnyororo wa nakala. Nakala ya nyongeza, inayobeba tu yaliyobadilika, haina maana bila nakala kamili iliyoitangulia. Tuseme unafanya nakala kamili mara moja kwa mwezi, na unataka uweze kurudi siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Siku ya 30 nyuma inaweza kutegemea nakala kamili iliyofanyika karibu mwezi mmoja kabla yake. Ukiweka siku 30 kwenye puli ya nakala kamili, nyongeza zako zitabaki yatima. Weka angalau siku 65, na kama nafasi ipo, fika 90. Hapo ndipo faida ya puli tofauti inapoonekana: kamili mahali pake na muda mrefu, nyongeza mahali pake na muda mfupi. Tumia Full Backup Pool na Incremental Backup Pool ndani ya kazi yenyewe, kwa kuwa nyongeza isiyokuta nakala kamili hupandishwa kuwa kamili, na hutaki mzigo huo utue kwenye puli ndogo.

Kwa wenye kanda, puli ya Scratch ni msaada mkubwa. Kanda tupu hukaa humo, na puli yoyote iliyokosa huazima.

Kazi ikikwama ikisubiri voliumu, usikimbilie purge. Amri hiyo haiheshimu muda wa kutunza. Inafuta rekodi hata za nakala ya jana. Anza na list volumes, usome safu ya hali. Je, kuna Error? Je, zote ni Used (zimefungwa) na muda haujaisha? Je, umefika idadi ya juu? Mara nyingi jibu liko hapo, na dawa ni kuongeza voliumu chache.

Vilevile usifute faili ya voliumu kwa rm ukadhani umemaliza. Katalogi bado inaihesabu, na siku moja itaiomba. Na kinyume chake: delete ndani ya bconsole huondoa rekodi, faili inabaki palepale ikila nafasi. Ukitaka kuondoa voliumu, fanya yote mawili, na faili iwe ya mwisho.

Katalogi nayo inahitaji nakala yake, ifanyike baada ya kazi zote za usiku. Ipe puli ya peke yake yenye voliumu chache, na jina la voliumu ya karibuni litunzwe nje ya seva hiyo pamoja na faili za bootstrap, zinazoonyesha data ya kurejesha iko wapi kwenye voliumu. Seva ikifa, bscan inaweza kuijenga upya katalogi kwa kusoma voliumu, lakini italazimika kuzisoma mwanzo hadi mwisho, moja baada ya nyingine, huku watu wakisubiri faili zao.