Mimea katika ofisi, maduka na hoteli za Mombasa: pima mwanga na maji kwanza

Ukianza kazi ya kuweka na kutunza mimea kwenye majengo ya biashara, mteja wako wa kwanza atakuonyesha picha kwenye simu: ukumbi wa mapokezi uliojaa majani mapana, mitende mirefu pembeni, ukuta mzima wa kijani. Atataka bei papo hapo. Usiitaje siku hiyo. Hapa Mombasa mimea ya majengo ya biashara huuawa na mambo matatu: giza la ndani ya jengo, chumvi iliyo kwenye maji, na mikono mingi inayomwagilia bila mpango. Mawili ya kwanza hupimwa kwa kifaa kabla mmea haujanunuliwa. La tatu huandikwa kwenye mkataba. Kuchagua mmea mzuri huja baadaye, nayo ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii.

Mwanga

Jicho hujizoesha na giza, kwa hiyo chumba unachokiona kina mwanga tele chaweza kuwa na luksi 150 tu (luksi ni kizio cha kupimia mwanga). Tumia kipima mwanga au programu ya simu inayosoma luksi. Ya simu haina usahihi mkubwa, lakini inatosha kukuonyesha tofauti ya 200 na 800. Iweke simu pale majani yatakapokuwa, uielekeze upande mwanga unakotoka. Pima saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, mapazia na taa zikiwa kama zinavyokuwa siku za kazi. Chora ramani ndogo ya chumba uandike namba hizo mahali pake.

Chini ya luksi 250 usiweke mmea hai bila taa yake mwenyewe. Kati ya 250 na 500 weka zamiokulka, sanseviera, au aglaonema ya majani ya kijani. Zamiokulka ni mwenyeji wetu kabisa: asili yake ni Afrika ya mashariki, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, na vinundu vyake chini ya udongo huweka akiba ya maji, ndiyo maana husamehe wiki tatu bila kumwagiliwa. Kati ya 500 na 1,000 unaweza kuongeza mani planti, drasena, filodendroni na spathifilamu. Mitende ya areka, fikasi na krotoni zitake 1,500 na kuendelea, yaani karibu na dirisha. Majani yenye mabaka meupe yahitaji mwanga zaidi kuliko ndugu zake wa kijani kitupu, kwa kuwa sehemu nyeupe haitengenezi chakula.

Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta. Dirisha la mashariki au magharibi hupata jua kali mwaka mzima. La kaskazini hupata jua katikati ya mwaka, la kusini hulipata mwezi wa Desemba. Vioo vyeusi vya majengo mapya hukata sehemu kubwa ya mwanga, na ukienda mita tatu ndani kutoka dirishani unaobaki ni kidogo sana. Kona aipendayo mteja karibu kila mara ndiyo yenye giza kuliko zote. Mwambie mapema: ama taa ya LED ya wati 15 hadi 20 ining'inie kama sentimita 80 juu ya majani, ikiwaka kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku kwa kidhibiti cha muda, ama pale pawekwe chombo kizuri kisicho na mmea.

Miche ya vitalu vya kando ya barabara mara nyingi imekulia juani. Ukiitoa huko na kuiingiza ofisini siku hiyohiyo, fikasi itamwaga majani yote ndani ya wiki mbili na mteja atasema umemuuzia mmea mgonjwa. Iweke kwanza kwenye kivuli kizito kwa wiki tatu au nne, ukipunguza maji polepole. Na popote uiwekapo, iepushe na pumzi ya kiyoyozi kwa mita mbili. Upepo ule mkavu hukausha ncha za majani hata kama udongo una maji.

Maji na chumvi yake

Hapa ndipo wageni wa kazi hii waliojifunzia bara hupotea. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka vyanzo vya mbali, kama Mzima, Marere na Baricho, na kwa kawaida ni matamu kuliko ya visima vya kisiwani. Lakini hayaji kila siku. Jengo hujaza tangi kwa maji ya mfereji leo, ya kisima kesho, na ya bauza au ya mkokoteni keshokutwa. Kwa hiyo kupima mara moja hakutoshi. Pima siku tatu tofauti kutoka kwenye bomba lilelile litakalotumika kumwagilia.

Ulimi hautakupa jibu la kutegemea. Nunua kipimo kidogo cha mkono kinachosoma upitishaji wa umeme katika maji kwa mikrosimensi kwa sentimita; chumvi ikizidi, namba hupanda. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa maji ya kumwagilia ni huu: chini ya 700 hakuna tatizo; kati ya 700 na 3,000 chagua mimea na usafishe udongo mara kwa mara; juu ya 3,000 madhara ni makali. Mimi ningeongeza kwamba mimea ya ndani huumia mapema kuliko ya bustanini, kwa sababu chungu hakina mvua ya kukisuuza. Maji huvukia na kunywewa na mizizi, chumvi hubaki. Kila ukimwagilia unaongeza nyingine. Dalili yake ni ncha za majani kuwa kahawia, kisha kingo, na ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu. Spathifilamu na drasena huonyesha kwanza. Asiyejua hudhani mmea una kiu, akazidisha maji yaleyale, akaumaliza.

Dawa yake ni kusuuza. Kila baada ya miezi miwili, toa chungu nje, kwangua ukoko wa juu, kisha mimina maji matamu polepole, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 10 kitake lita 20. Yaache yatiririke yote yatoke chini. Na katika umwagiliaji wa kawaida usinyunyizie juu tu: mwaga mpaka kama sehemu moja ya tano ya maji itoke kwenye matundu, kisha uyatupe.

Maji matamu yatatoka wapi? Kwenye viyoyozi. Maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, karibu hayana chumvi kabisa, na kwa unyevu wa hewa ya Pwani kiyoyozi kimoja hutoa lita kadhaa kwa siku ya kazi. Mwombe fundi wa jengo auelekeze mpira kwenye mtungi wa lita 20 wenye kifuniko. Usiyatumie kwa siku chache baada ya fundi kuosha kiyoyozi kwa dawa. Hayana rutuba yoyote, kwa hiyo mbolea itahitajika: gramu 1 ya NPK ya kuyeyuka ya 20-20-20 kwa lita moja ya maji, mara moja kwa mwezi, kamwe si juu ya udongo mkavu.

Katika hoteli uliza kama kuna mtambo wa kulainisha maji. Mitambo ile huondoa chokaa na kuweka sodiamu badala yake. Maji yatafaa kwa sabuni, kwa mizizi ni sumu ya polepole. Chota kabla ya mtambo. Hotelini pia kuna mitambo ya kuchuja chumvi: maji yake safi yanafaa, lakini yale yanayotupwa na mtambo yana chumvi kuliko yalivyoingia. Kuna watunza bustani huambiwa wayatumie "yasipotee". Kataa.

Udongo, vyungu na mbu

Usichote mchanga wa pwani, hata ule ulio mbali na maji. Una chumvi na umejaa vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo hupandisha pH, yaani hupunguza asidi ya udongo. Mchanganyiko unaofaa kwa vyungu vya ndani ni sehemu mbili za unga wa makumbi ya nazi, sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri, na sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mto. Makumbi yetu mara nyingi yana chumvi: yaloweke usiku kucha, yamwage, urudie mara mbili, kisha pima maji ya mwisho kwa kile kipimo. Samadi ya kuku mbichi usiitie kabisa. Harufu itakufukuzisha kazi kabla mizizi haijaungua.

Kokoto chini ya udongo hazisaidii maji kutoka, ingawa kila mtu atakuambia uziweke. Maji husimama kwenye udongo juu ya kokoto mpaka udongo ushibe, kwa hiyo umeipandishia mizizi eneo la tope. Njia nzuri ni kuuacha mmea kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, ukakiweka ndani ya chungu cha mapambo juu ya vipande vya tofali. Hapo waweza pia kuubadilisha mmea kwa dakika mbili bila kuchafua sakafu.

Kisahani cha chini ya chungu ndicho kitakachomleta afisa wa afya. Mbu wanaoeneza dengi na chikungunya hupenda vyombo vidogo vya maji karibu na watu, na kwa joto letu yai huwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Mji huu ulipata mlipuko wa chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018. Mwaga visahani kila wiki bila kuruka, na uvisugue kwa brashi, kwa kuwa mayai hushika ukingoni na huvumilia ukavu kwa miezi.

Wadudu wengine nitawapitia upesi. Vidugamba vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani: futa kwa spiriti, kisha nyunyiza mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni ya maji mililita 2 katika lita moja, mara tatu kila baada ya siku saba, jioni wateja wakishaondoka. Vijinzi vinavyoruka juu ya udongo vinakuambia udongo haukauki.

Nje ya mlango

Kisiwa kimekaa juu ya matumbawe. Kwa kila kichaka chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Hilo ni lita 216, kama toroli nne za udongo mwekundu na mboji, mbili kwa moja. Limwagie maji kwanza. Yakisimama mpaka kesho yake, toboa chini kwa mtaimbo. Iksora na haibiskasi zikigeuka njano huku mishipa ya majani ikibaki kijani, si njaa ya samadi. Ni chokaa iliyofunga madini ya chuma. Uliza duka la kilimo chuma cha aina ya EDDHA. Kile cha EDTA, ambacho ni cha bei rahisi, hakishiki kwenye udongo wenye chokaa nyingi.

Majengo yanayotazama bahari, Nyali, Likoni au upande wa Mama Ngina, hupigwa na kusi lenye chumvi kuanzia Aprili hadi Septemba. Mstari wa mbele uwe mvinje, mnazi au mkungu, na nyasi iwe paspalamu. Mimea yenye majani laini ikae nyuma yake. Mvinje umeshathibitishwa hapahapa: mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kurudisha uhai kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, ni miti michache tu iliyokubali matumbawe makavu, na mvinje ukawa nguzo ya kazi ile. Majongoo ndio waliogeuza majani yake kuwa udongo. Kwa hiyo usifagie kila kilichoanguka chini yake. Mnazi usiupande juu ya maegesho ya magari, wala fikasi karibu na mabomba. Bogenvilia yataka jua kwa muda wa saa sita kwa siku na maji machache; ukiimwagilia sana itakupa majani bila maua.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji. Usitoboe wala kutundika vyungu ukutani bila kibali cha ofisi ya uhifadhi, na vyungu vya barazani viache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Kwa roshani na paa popote mjini, kumbuka uzito: udongo ulioloa wa kina cha sentimita 30 hufikia kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni kazi ya mhandisi kuamua.

Mkataba

Usimwahidi mteja kwamba mimea itasafisha hewa ya ofisi. Utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989, ambao dai hilo huutegemea, ulifanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba kufikia kazi ya upitishaji hewa wa kawaida ungehitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba. Muuzie kivuli, sura, na utulivu wa macho, maana hivyo atavipata.

Andika ni nani anayemwagilia, mtu mmoja kwa jina la cheo chake, na siku gani. Wengine wote, pamoja na wanaomwaga chai iliyobaki, wasiguse. Mtu huyo aingize kijiti cha mishikaki sentimita 5 hadi 8 udongoni: kikitoka na udongo umeganda, asimwagilie. Bei yako ihesabu mche, chungu, udongo, usafiri, na mimea miwili ya akiba kivulini kwa kila kumi iliyo kwa mteja. Gawa vifo vya mimea mafungu mawili: mmea uliokufa kwa kosa lako unaubadilisha bure, uliokufa kwa kuhamishwa mahali, kwa taa kuzimwa likizo nzima, au kwa maji ya bomba lisilo lile mlilokubaliana, mteja analipia. Ambatisha ile ramani ya luksi na vipimo vya maji, vyote vikiwa na tarehe na sahihi ya pande mbili, ndipo uagize mche wa kwanza.